Kuongeza nyumba bila kumhamisha mpangaji: uchambuzi wa kisa cha Grand Parc, Bordeaux

Mtaa wa Grand Parc uko upande wa kaskazini wa jiji la Bordeaux, Ufaransa. Una nyumba za kupanga zaidi ya 4,000, zilizojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati maghorofa ya zege yalipokuwa yakisimamishwa harakaharaka ili watu wapate pa kukaa. Majengo yake matatu, yanayojulikana kwa herufi G, H na I, yana ghorofa 10 hadi 15 na jumla ya nyumba 530. Kasoro zake ni zile zile za majengo mengi ya umri huo: madirisha madogo, kuta zinazopitisha baridi, mabomba na nyaya zilizochoka, bafu zilizopitwa na wakati. Lakini mifupa ya jengo, yaani msingi, kuta za kubeba na slabu (mabamba ya zege ya sakafu), ilikuwa bado imara. Na ndani yake walikuwemo watu, wengi wao wakaaji wa miaka mingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, jibu rahisi lilikuwa kubomoa. Sheria ya Agosti 2003 ya Ufaransa iliweka mpango wa taifa wa kubomoa nyumba 200,000 za kupanga, kujenga mpya 200,000 na kukarabati nyingine 200,000. Wasanifu Anne Lacaton, Jean-Philippe Vassal na Frédéric Druot walipinga mwelekeo huo waziwazi. Mwaka 2004 walitoa utafiti ulioonyesha kwamba kwa fedha za kubomoa nyumba moja na kuijenga upya, iliyopo inaweza kupanuliwa na kuboreshwa kwa kiwango ambacho nyumba mpya ya kupanga haifikii. Grand Parc ndipo hoja hiyo ilipojaribiwa kwa kipimo kikubwa. Mwenye majengo, shirika la nyumba za umma la Aquitanis, aliachana na wazo la kubomoa na kuwapa kazi wasanifu hao pamoja na Christophe Hutin. Mradi ulishinda tuzo ya Ulaya ya usanifu majengo ya Mies van der Rohe mwaka 2019, na Lacaton na Vassal wakapata tuzo ya kimataifa ya usanifu majengo ya Pritzker mwaka 2021.

Tuzo si sababu ya kukichambua kisa hiki. Sababu ni mpangilio wa kazi. Ukarabati mwingi wa majengo yenye watu hukwama kwa kuwa hatua zimepangwa vibaya, hata pale michoro inapokuwa mizuri. Grand Parc ilipata mpangilio uliomwezesha mpangaji kubaki nyumbani kwake muda wote, na karibu kila uamuzi wa kiufundi unafuata kutoka hapo.

Walichoongeza

Mbele ya ukuta wa zamani wa nje walisimamisha muundo mpya wa zege wenye kina cha mita 3.8, kuanzia chini hadi juu. Sehemu yake ya ndani ni kibaraza cha vioo, yaani chumba chenye mwanga kisichowekewa mashine ya joto. Ya nje ni roshani iliyo wazi. Kibaraza na roshani vinatenganishwa na paneli za kuteleza za polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya mawimbi na kioo zilizoshikwa na fremu za alumini, na nyuma yake kuna mapazia ya kurudisha jua. Madirisha madogo ya zamani yaliondolewa, mahali pake ikawekwa milango mikubwa ya vioo ya kuteleza, hivi kwamba sebule inafunguka moja kwa moja kwenye kibaraza. Ndani ya nyumba, bafu na umeme vilifanywa upya. Majengo yalikuwa na eneo la mita za mraba 44,210. Yaliyoongezwa ni kama 23,500, zaidi ya nusu ya yaliyokuwepo. Kodi haikupandishwa.

Kwa nini muundo mpya unajibeba wenyewe

Anayeliona jengo hili kwa mara ya kwanza hudhani slabu mpya zimening'inizwa kwenye jengo la zamani. Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini haiwezekani. Chukua bamba la zege lenye kina cha mita 3.8, upana wa mita 6 na unene wa sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 4.56, kwa tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, bamba moja lina tani 11 na ushei. Ongeza uzito wa watu na samani, tuseme kilo 350 kwa mita ya mraba, unapata tani 8 nyingine. Lizidishe bamba peke yake kwa ghorofa 15: zaidi ya tani 170 kwa kila mita 6 za uso wa jengo. Ukingo wa slabu ya mwaka 1960, ambayo nondo zake ziliwekwa kubeba sakafu ya ndani na paneli ya ukuta tu, hauna uwezo huo. Kuuongezea nguvu kungemaanisha kuingia kila nyumba na kuvunja dari na sakafu, yaani kumhamisha mpangaji.

Ndiyo maana mzigo wote unateremka kwenye nguzo mpya hadi msingi mpya. Hapo yanaanza matatizo ya aina nyingine, na ndiyo ambayo mhandisi anapaswa kuyapa muda mwingi kuliko yote.

Jengo la zamani limekwisha kuzama kiasi chake. Miaka 50 inatosha. La kando yake litazama upya, hata kama ni milimita chache. Ukiyafunga mawili hayo kwa nguvu, tofauti hiyo itajitokeza kama ufa kwenye kizingiti cha kila mlango, au itaning'iniza sehemu ya mzigo mpya kwenye ukingo ule ule uliokuwa ukiuepuka. Viungo vya kazi ya aina hii huachwa viteleze juu na chini, lakini vizuie muundo mpya kuyumba kuelekea nje au ndani: fremu nyembamba ya ghorofa 15 yenye kina cha mita 3.8 haina uthabiti wa kutosha dhidi ya upepo bila kuegemea jengo lililo nyuma yake. Kwa hiyo uwezo wa jengo la zamani kupokea nguvu za upepo kwenye uso uliopanuka lazima uhesabiwe kabla ya mchoro wowote kwenda kwa mkandarasi.

Kuchimba kando ya msingi wa zamani nako kuna kanuni yake. Shimo likishuka chini ya kitako cha msingi uliopo, udongo unaoubeba hupata njia ya kutokea pembeni. Ama shimo libaki juu ya kitako hicho, ama zitumike nguzo nyembamba za kuchimbwa zinazopeleka mzigo kwenye tabaka la chini bila kufukua eneo pana. Kabla ya hapo, mashimo machache ya uchunguzi yachimbwe ili msingi uonekane kwa macho. Michoro ya miaka ya 1960 huonyesha kilichokusudiwa, na mafundi mara nyingi walijenga tofauti kidogo.

Kulipima jengo kabla ya kulichora

Kazi ya kuongeza inategemea kuaminika kwa kilichopo, na uaminifu huo hupatikana kwa vipimo. Kwanza ni unene wa zege linalofunika nondo, unaosomwa kwa kifaa cha kutafutia nondo. Pili ni hali ya zege lenyewe. Zege hunyonya hewa ya kaboni dioksidi polepole kutoka nje, na sehemu iliyonyonya hupoteza ule ualkali wa chokaa unaoikinga nondo na kutu. Kipimo chake ni cha kushikika: unabandua kipande cha zege ili uso mpya uonekane, unapulizia dawa ya fenoftaleini, unangoja kidogo. Sehemu yenye afya hugeuka waridi iliyokolea. Iliyonyonya kaboni hubaki rangi yake. Pima kwa rula unene wa sehemu isiyogeuka, kisha ulinganishe na ulipo ukingo wa nondo. Kama waridi inaanza milimita 10 ndani na nondo iko milimita 25, jengo bado lina miaka. Kama weupe umeshaipita nondo na unyevu unafika hapo, kutu imeanza au iko karibu, na ukarabati wa zege unaingia kwenye bajeti kabla ya kibaraza chochote.

Hapa kibaraza kina faida isiyosemwa sana: ukuta wa zamani ukishafunikwa na chumba cha vioo hauloweshwi tena na mvua. Bila unyevu, kutu ya nondo hupungua kasi hata pale kaboni ilipokwisha kuingia.

Asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, itafutwe mapema, kwa sampuli zinazopelekwa maabara: gundi ya vigae vya sakafu, paneli za nje, mabomba ya moshi, vifungashio vya mabomba ya joto. Ikigunduliwa siku ya kuvunja, kazi ya nyumba hiyo inasimama, na kwa mradi unaokwenda nyumba hadi nyumba, moja ikisimama zinazofuata zote zinangoja.

Halafu kuna usawa wa sakafu, jambo dogo linaloumiza. Sakafu za zamani hazilingani. Tofauti ya sentimita 2 au 3 kati ya mwisho mmoja wa jengo na mwingine ni ya kawaida. Mabamba ya kiwandani yanakuja yote sawa. Sakafu ya kibaraza inatakiwa iwe chini kidogo ya ile ya ndani ili maji yasirudi sebuleni, lakini kizingiti kisizidi sentimita 2, la sivyo kiti cha magurudumu hakipiti. Kwa hiyo kila ghorofa hupimwa kwa leza, nyumba kwa nyumba, na urefu wa vipande vya nguzo unaamuliwa baada ya vipimo hivyo. Anayechukua wastani wa jengo zima ataishia na vizingiti vya sentimita 4 upande mmoja na maji yanayoingia ndani upande wa pili.

Siku 12 hadi 16

Kila nyumba ilichukua siku 12 hadi 16 za kazi: nusu siku kulipachika bamba la zege, siku 2 kubadilisha ukuta wa zamani wa nje, siku 2 kufunga uso mpya wa kibaraza, na siku 4 hadi 8 za kazi za ndani. Salio huenda ni nafasi kati ya timu moja na nyingine.

Angalia mfuatano wenyewe. Bamba linawekwa kwanza, wakati dirisha la zamani bado limefungwa na mpangaji yuko ndani akiendelea na maisha yake. Vipande vyote vimetoka kiwandani tayari, kreni inainua, mafundi wanapokea. Hakuna zege la kumwagwa mbele ya dirisha la mtu wala mbao za kushikilia zege za kungoja wiki nzima. Bamba likishakaa, linakuwa jukwaa la kazi. Ukuta wa zamani unapokatwa, fundi amesimama nje juu ya sakafu pana yenye kina cha mita 3.8, na tundu linalofunguliwa linaelekea kwenye sakafu hiyo badala ya kuelekea hewani ghorofa ya 12. Jukwaa la mabomba ya chuma linalofunika jengo zima kwa miezi halihitajiki. Vifusi vinatoka kwa nje, havipiti sebuleni wala kwenye lifti.

Hili ndilo jambo ambalo miradi inayoiga picha za Grand Parc hulikosa. Ukianza na kazi za ndani kwa sababu fundi bomba yuko tayari kabla ya kiwanda cha mabamba, umempoteza mpangaji: atakaa na bafu lililovunjwa, halafu miezi miwili baadaye utarudi kumvunjia ukuta.

Kukata ukuta wa chini ya dirisha kuna hatari zake. Lazima ijulikane kwa uhakika kwamba paneli hiyo haibebi kitu. Msumeno wa zege hutumia maji, na maji yanahitaji pa kwenda, hivyo pazia la nailoni nzito hufungwa ndani kutoka dari hadi sakafu, mita moja au zaidi kutoka ukutani, na maji yanafyonzwa kwa mashine papo hapo. Milango mipya iwe imeshafika kwenye ghorofa husika kabla msumeno haujawashwa. Nyumba isilale wazi hata usiku mmoja.

Kuhusu mwendo wa kazi: timu ikianza nyumba moja kila siku ya kazi, nyumba 530 zinachukua siku 530, yaani zaidi ya miaka miwili. Ikianza nyumba mbili kwa siku, ni siku 265, mwaka na kidogo. Tofauti hiyo inaamuliwa na idadi ya timu za ndani, hasa za bafu na umeme, kwa kuwa hizo ndizo zenye siku nyingi na zisizotabirika. Kreni haichelewi sana. Bafu huchelewa.

Kibaraza kinafanyaje kazi ya joto

Kibaraza hakina kifaa cha joto, na watu wengi wanadhani kwa hiyo hakisaidii wakati wa baridi. Joto linalopotea kupitia ukuta linafuata tofauti ya nyuzi joto kati ya pande mbili. Ndani ni nyuzi 19 na nje ni 5: tofauti ni 14. Kibaraza kikiwa na nyuzi 10, tofauti ambayo mlango wa sebule unaiona ni 9 tu, na upotevu kwenye uso huo umepungua kwa zaidi ya theluthi. Siku ya jua kibaraza kinaweza kuipita sebule kwa joto. Hapo mlango unafunguliwa na hewa ya moto inaingizwa ndani bila gharama.

Umbo la jengo linasaidia. Bordeaux iko karibu nyuzi 45 kaskazini ya ikweta. Adhuhuri ya katikati ya Juni jua liko juu kwa takribani nyuzi 68. Katikati ya Desemba ni kama 22. Tuseme roshani ya nje ina kina cha mita 1 na kimo cha ghorofa ni mita 2.5, upande unaotazama kusini. Mwezi Juni slabu ya juu inatupa kivuli cha mita 2.5 chini yake, yaani paneli nzima iko kivulini saa sita mchana. Mwezi Desemba kivuli hicho ni sentimita 40 tu, na mwale unaopita chini ya ukingo wa slabu unasafiri zaidi ya mita 6 kuelekea ndani: unavuka roshani, unavuka kibaraza, unaingia sebuleni mita 2 na zaidi. Hakuna kifaa kilichowashwa.

Hesabu hiyo haifai kwa uso unaotazama mashariki au magharibi. Jua la jioni ya Julai huja chini, linapita chini ya kila slabu, na kibaraza kilichofungwa kitakuwa tanuri. Hapo mapazia ya kurudisha jua na paneli zinazofunguka ndivyo vinavyookoa hali. Angalau nusu ya uso wa kibaraza iweze kufunguliwa, na iwepo nafasi ya hewa isiyozibika juu. Nafasi hiyo ya juu ina kazi nyingine wakati wa baridi: mvuke wa jikoni na wa nguo zinazoanikwa ukifika kwenye polikaboneti baridi hugeuka maji, na bila upenyo wa kutokea utachuruzika na kuota ukungu kwenye pembe.

Jambo ambalo halina mjadala ni hewa ya jiko na vifaa vya gesi. Kama tundu la hewa chafu au bomba la moshi lilitokea kwenye ukuta wa zamani wa nje, sasa linatokea ndani ya chumba cha vioo. Lazima lirefushwe hadi hewa wazi au kifaa kibadilishwe kabla paneli hazijafungwa. Vivyo hivyo mwachano kati ya slabu ya zamani na mpya ujazwe sufi ya mawe isiyoshika moto, pande zote, bila kuacha hata mita moja. Mwachano ulioachwa ni bomba la moshi kati ya ghorofa na ghorofa, na pia ni njia ya sauti.

Jengo la kulinganishwa nalo

Kabla ya Bordeaux, Lacaton, Vassal na Druot walikuwa wamefanya kazi ya jamii hiyo Paris, kwenye jengo la Bois-le-Prêtre, lenye kimo cha mita 50, lililosanifiwa na Raymond Lopez na kukamilika mwaka 1961. Lilikuwa limekwisha kukarabatiwa mwaka 1990: lilibandikwa paneli mpya za kuzuia baridi, na madirisha yakapunguzwa. Kwa karatasi ule ulikuwa ukarabati wa nishati. Kwa mkaaji ulikuwa ni kupokonywa mwanga, na baadaye jengo likafikiriwa kubomolewa. Mradi uliokamilika mwaka 2011 uliondoa paneli hizo na kuongeza kina cha mita 3, yaani kibaraza cha mita 2 na roshani ya mita 1, safari hii kwa vipande vya fremu ya chuma. Eneo lilipanda kutoka mita za mraba 8,900 hadi 12,460, kwa gharama ya euro milioni 11.25, na matumizi ya nishati yakashuka kwa zaidi ya nusu. Wapangaji walibaki humo humo.

Kosa la 1990 bado linarudiwa kila mahali penye ruzuku ya kuzuia upotevu wa joto: kipimo kinachotazamwa ni unene wa kihami, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoke, peke yake. Mwanga unakufa kimya kimya, kwa sababu haumo kwenye fomu. Na kibaraza nacho kinaweza kuua mwanga. Slabu ya mita 3.8 juu ya dirisha dogo la zamani ingeifanya sebule kuwa pango. Kinachoiokoa ni kufungua ukuta kutoka sakafu hadi karibu na dari. Bajeti ikibana na mtu akapendekeza vibaraza vijengwe sasa huku madirisha yakingoja awamu ya pili, ni bora vibaraza visijengwe kabisa.

Mahali ambapo mbinu hii haifai

Inahitaji ardhi. Lazima kuwe na nafasi ya mita 3.8 pamoja na msingi, njia ya kreni, na umbali wa kisheria kutoka mpaka wa kiwanja na kutoka jengo la jirani. Grand Parc, kama jina lake (kwa Kifaransa, bustani kubwa) linavyoonyesha, ina maghorofa yaliyosimama katikati ya bustani pana. Jengo la katikati ya mji lililobanwa pande mbili, au lenye uso uliohifadhiwa kisheria kwa thamani yake ya kihistoria, halina nafasi hiyo.

Inahitaji pia slabu zilizopangika kwa kurudiarudia. Faida ya kiwanda inatokana na bamba lile lile kutengenezwa mara mamia. Jengo ambalo kila ghorofa ina umbo lake litalipa bei ya kipande kimoja kimoja. Ghorofa ya chini ya jengo lolote la aina hii ni kazi ya peke yake, kwa sababu nguzo mpya zinashuka mbele ya milango ya kuingilia, njia za zimamoto na mifereji ya majitaka iliyozikwa kando ya ukuta. Mifereji hiyo ihamishwe kabla msingi haujachimbwa, na gharama yake iandikwe kwenye makadirio ya kwanza kabisa.

Na inahitaji mwenye jengo anayekubali kwamba mita za mraba zilizoongezwa hazitaingizwa kwenye kodi. Kibaraza kisicho na joto hakihesabiwi kama chumba cha kuishi, na hilo lisemwe wazi kwenye mkataba kabla ya bamba la kwanza kuinuliwa, kwa maandishi ambayo mpangaji anabaki na nakala yake.